Oklahoma Ikihamia Bugarika: Nyumba ya Msiba Isiwe na Mlango wa Nyuma

Mzee ametoweka, na siku chache baadaye mwili wake unapatikana ziwani. Mabinti watatu wanakusanyika nyumbani, kila mmoja na mwanamume wake au aibu yake. Mama yao ana saratani ya mdomo na anameza vidonge kuliko alivyoandikiwa, lakini mdomo huohuo unaougua ndio unaokata watu. Wanazika, wanaketi kula, na mezani kila kilichofichwa kinamwagika. Hadithi hii haikutoka Ukerewe wala Sengerema. Ni *August: Osage County*, tamthilia ya Mmarekani Tracy Letts kuhusu familia moja ya Oklahoma, iliyoanza jukwaani Chicago, kwenye ukumbi wa Steppenwolf, mwaka 2007. Mwaka 2008 ilipata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 2013 ikawa filamu ya mwongozaji John Wells, Meryl Streep akiwa mama na Julia Roberts akiwa binti mkubwa.

Ukiitazama ukiwa Mwanza unaona kama jirani zako wamekodiwa kuigiza. Kuna ziwa, kuna msiba, na kuna mama analazimishwa na bintiye ale samaki kwanza ndipo mazungumzo yaendelee. Kwa hiyo si ajabu mtayarishaji wa hapa akitamani kuihamisha: abadili majina, amweke mama kwenye kitenge, sato achukue nafasi ya samaki wa Oklahoma. Kasoro ni kwamba wengi watakuwa wameiona filamu tu, na filamu yenyewe ndiyo iliyokosea mahali muhimu. Atakayeinakili atanakili na kosa.

Kosa lenyewe ni kufungua milango. Kwenye jukwaa nyumba ya akina Weston, yaani familia hiyo, ilijengwa kwa ghorofa tatu, mtazamaji akiziona zote kwa pamoja. Mapazia ya madirishani yamebandikwa kwa utepe wa gundi ili watu wasijue kama ni usiku au mchana. Joto la Agosti limejaa ndani. Onyesho linakwenda zaidi ya saa tatu, lina mapumziko mawili, na muda wote huo hakuna anayetoka, kwa maana mtazamaji naye amefungiwa humo. Kicheko kinatokea hapo. Hakitoki kwenye neno la kuchekesha, kinatoka kwa mtu aliyekosa pa kwenda: mkwe anayejifanya kuangalia sahani yake, shemeji anayeomba dua ndefu kwa sababu hajui aimalizeje.

Filamu ina takribani saa mbili. Skripti aliiandika Letts mwenyewe, hivyo hatuwezi kumlaumu mgeni. Kilichokatwa ni zile dakika za kusubiriana, na kilichoongezwa ni hewa. Mama anashuka garini na kukimbia kwenye shamba la nyasi, binti mkubwa anamkimbiza. Picha ni nzuri mno, ila presha yote iliyokuwa imejengwa sebuleni inavujia humo shambani. Mwishoni binti anaondoka kwa gari akiwa na nguo za kulalia, barabara imenyooka mbele yake. Tamthilia haikumpa mtazamaji nafuu hiyo. Iliishia ndani, mama amebaki na dada wa kazi peke yao, anapanda ngazi kwa kutambaa kumfuata.

Hata waandaaji wa tuzo walihangaika kuipa jina. Kwenye Golden Globe, Streep aliwekwa upande wa vichekesho na muziki. Mtu akiambiwa ni kichekesho, akaingia, akakutana na chakula cha jioni cha karibu dakika 20 ambacho watu wanachinjana kwa maneno, atajiuliza kama amekosea ukumbi.

Sasa tuilete Mwanza. Kitu cha kwanza kinachokataa kuhama ni mapenzi ya Ivy. Ivy, mmoja wa wale mabinti watatu, anampenda Little Charles, mtoto wa mama yake mdogo. Baadaye inafichuka kwamba baba halisi wa kijana ni yule marehemu, yaani wapenzi hawa ni ndugu wa baba mmoja. Kwa Wamarekani hiyo ni ngazi ya hatua mbili: hatua ya kwanza inakunjisha uso, ya pili inaangusha nyumba. Huku kwetu hatua ya kwanza ndiyo inayoangusha nyumba. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako, basi. Hata neno "binamu" haliwezi kukuokoa, maana hilo ni la watoto wa shangazi na mjomba. Ukihamisha kama ilivyo, ukumbi utapiga kelele dakika ya 30, na siri ya dakika ya 100 itapita kama taarifa ya ziada.

Dawa yake ipo. Kijana awe amelelewa na mama mdogo, lakini ukoo mzima uamini alichukuliwa akiwa mchanga kwa ndugu za mume huko Tabora. Hapo watu watanuna tu: mmekua mkiitana kaka na dada, mnatafuta nini? Siri ikitoka kwamba mama mdogo alimzaa mwenyewe, na kwa shemeji yake, ngazi inarudi na hatua zake mbili, na usaliti wa dada kwa dada unabaki pale Letts alipouweka.

Kitu cha pili kinachokataa ni meza. Msibani kwetu hakuna meza ambayo mama, wakwe, mabinti na kaka wa marehemu wanaketi pamoja kula. Wanaume wako nje kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka, na sinia zinapita kwa makundi. Ukilazimisha meza ya watu 10 yenye vitambaa, mtazamaji wa Igoma atajua hapo hapo kwamba hii familia imetoka kwenye televisheni.

Lakini kuna siku ambayo wote hukaa pamoja, hakuna anayeruhusiwa kuondoka, na ajenda ni fedha. Ni kikao cha ukoo baada ya kuanua matanga. Kina mwenyekiti, kwa kawaida baba mkubwa au baba mdogo, kina katibu, kina orodha ya mahudhurio yenye saini. Kinazungumzia madeni ya marehemu, wanaomdai na anaowadai, watoto wake wote wa ndani na wa nje, na nani apendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari wake unapelekwa mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Aliyetoka kabla ya kusaini atasumbua watu baadaye, kwa hiyo mlango umefungwa na karatasi. Letts alihitaji joto na gundi ya mapazia kuwafungia watu wake. Huku daftari la kaunta kwaya linatosha.

Daftari ndilo litakaloleta kicheko. Kwenye tamthilia Bill, mume wa binti mkubwa, ni mhadhiri aliyekwisha kuhama kitanda cha mkewe lakini amekuja msibani kwa heshima. Mfanye mwalimu, na kwa sababu ana mwandiko mzuri ukoo umpe kalamu: mkwe hana haki ya kusema, ana haki ya kuandika. Halafu msikilize.

"Naomba nisome tulipofikia. Ajenda ya tatu, madeni ya marehemu. Mama amesema mama mdogo anajua marehemu alilala wapi usiku wa Pasaka. Mama mdogo amesema hajui. Mwenyekiti, niandike hajui, au niandike amekataa kujibu?"

Hachekeshi huyo. Anafanya kazi yake. Wote wanaocheka ukumbini watacheka kwa sababu anaifanya vizuri, na ndiyo maana nafasi hiyo asipewe mchekeshaji maarufu. Akiingia mtu ambaye watu wamezoea kumcheka, watacheka akifungua kalamu, na neno "amekataa" litaanguka bure.

Kwenye suala la kicheko Mwanza ina chombo ambacho Oklahoma haina, nacho ni utani. Mtani anaruhusiwa msibani kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea, kudai suruali yake, kuzuia jeneza mpaka apewe hela. Mjukuu naye ana kibali chake kwa babu. Wengi wanaoandika skripti hushangilia hapo: tayari tuna vichekesho! Ndipo wanapoharibu. Utani una kibali, na chenye kibali hakimjeruhi mtu. Kazi yake msibani ni kupunguza machungu, wakati mwandishi wa tamthilia hii anataka machungu yaongezeke. Mtani akipewa sini tano, filamu itakuwa ya kuchangamsha tu.

Apewe sini moja, mapema, siku ya mazishi. Aseme kwa mfano kwamba marehemu alikuwa na miguu miepesi usiku, watu wacheke, mama naye acheke. Kisha kwenye kikao, siku tatu baadaye, mama arudie maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya utani, akimtazama mdogo wake. Yeye si mtani. Hana kibali. Chumba kizima kinagundua kwa pamoja kwamba kichekesho cha juzi kilikuwa ushahidi. Mtazamaji aliyecheka mara ya kwanza anajikuta amewekwa kwenye hatia ya watu wote. Sioni kitu kwenye filamu ya 2013 kinachofanya hivyo.

Na mama huyo asitukane. Violet wa Streep hutukana waziwazi, na wanaotafsiri watahangaika kutafuta matusi yenye uzito sawa. Hayahitajiki. Kiswahili cha mama mwenye miaka 65 aliyekaa kwenye mkeka kinaua kwa adabu: "Karibu mwanangu, umenenepa, inaonekana huko kwa watu unakula vya kwako." Bodi ya Filamu, ambayo lazima itoe kibali kabla ya kurekodi na kuikagua filamu kabla haijaonyeshwa, haitakuwa na la kukata hapo.

Vidonge navyo vinahitaji uangalifu. Violet anazunguka kwa madaktari wengi wanaomwandikia dawa, jambo la kawaida kwenye Marekani ile. Huku dawa kali za maumivu zinashikiliwa kwa mkono mzito, na mgonjwa wa saratani mara nyingi anazikosa badala ya kuzidisha. Mkoba uliojaa chupa hautaaminika. Akiwa na chupa moja, anayoificha hata kwa binti anayemuuguza, anayohesabu matone yake huku akidai imekwisha, inatosha, na inampa dada wa kazi siri ya kubeba.

Nyumba iwe wapi? Capripoint inavutia kwa bustani na ziwa, lakini Capripoint ina barabara, na penye barabara mtu huwasha gari akaondoka. Bugarika au Mabatini, juu kwenye mawe, ni bora. Njia ni moja, ya ngazi na mawe, na kila anayepanda au kushuka anaonwa na majirani. Binti akikasirika na kushuka saa nne usiku, atakutana na watu watatu watakaomuuliza kama mama anaendeleaje, na atarudi. Huo ndio mlango uliofungwa, na haukugharimu seti.

Joto la Oklahoma tusilidai. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na jioni upepo unapita. Kinachofungisha madirisha kwetu ni vile vijidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi, hasa mwezi ukiandama, vikafuata taa mpaka vikajaa kwenye chai. Mtu anasema "fungeni dirisha", watu 10 wanabaki na hewa ya watu wawili, na hakuna anayeweza kulalamika maana amri ni ya busara. Ikibidi umeme ukatike, ukatike mara moja tu. Mara ya pili mtazamaji atajua ni mwandishi aliyeukata.

Madirisha yakishafungwa, mtayarishaji anapata faida ya fedha taslimu. Jua la Mwanza linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na giza linaingia ndani ya nusu saa. Anayerekodi sini ya jioni kwa mwanga wa asili ana dakika 20 za kazi kwa siku. Aliyeziba madirisha kwa kitambaa kizito cheusi kwa nje anarekodi usiku tangu saa tatu asubuhi. Gharama yake ni jasho: chini ya bati, taa zikiwaka, mashati yanalowa, na shati kavu kwenye shoti moja na bichi kwenye inayofuata litaonekana. Kila mhusika awe na mashati matatu ya aina moja, na msimamizi wa mwendelezo apige picha kila baada ya teki.

Kikao chenyewe kitachukua kurasa 20 hivi za skripti, kwa kipimo cha kawaida cha ukurasa mmoja dakika moja. Kikundi kidogo kinamaliza kurasa nne au tano kwa siku kikijitahidi, kwa hiyo zitengwe siku tano, zifuatane, watu wakae walipokaa. Watu 10 kwenye duara ndipo waongozaji wengi hupotea, kwa sababu macho yanaanza kugongana: mama anamtazama mdogo wake kulia, shoti inayofuata mdogo wake naye anatazama kulia, na mtazamaji anadhani wote wanamwangalia mtu wa tatu. Uchorwe mstari kutoka kwa mama hadi kwa mwenyekiti, kwa chaki kama ikibidi, na kamera isiuvuke. Ikilazimika kuvuka, mtu asimame, dada wa kazi kwa mfano na birika, kamera imfuate mpaka upande wa pili. Mstari mpya unaanzia hapo.

Sauti ndiyo itakayoiua kazi kabla ya picha. Watu wa familia husemana juu kwa juu, na waigizaji wakifanya hivyo kweli kwenye shoti za karibu, mhariri hawezi kukata: kwenye maiki ya mama kuna nusu ya sentensi ya shangazi. Kwa hiyo kwenye shoti ya wote waachwe wapigane maneno wanavyotaka, lakini kwenye shoti ya mmoja mmoja kila mtu amalize sentensi, na ugomvi upandanishwe mezani kwa mhariri. Maiki nne za kubana kifuani kwa wasemaji wakubwa na mbili za fimbo kwa waliobaki zinatosha. Jenereta lishushwe nyuma ya jiwe kubwa. Mwanza ina kuta za sauti za bure na watu wanakodi mabanzi. Bati halipatani na mvua, kwa hiyo kazi ifanyike Juni hadi Agosti, na kabla ya kufunga kila sini irekodiwe dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwa ndani, maana chumba tupu kina sauti nyingine.

Sini ya samaki ibaki ya wanawake watatu, asubuhi baada ya kikao, kwenye mkeka. Pande tatu za kamera kwa teki tano ni mianzo 15, na kila mwanzo unadai samaki mzima mbele ya mama: sato 15 wa nusu kilo, kilo saba na nusu. Wakiwa wadogo zaidi hawaonekani, wakiwa wakubwa mama mgonjwa anaonekana mlafi. Ugali unaota ngozi mapema, hivyo upikwe mpya kila nusu saa na ukae kwenye hotipoti mpaka mwongozaji aseme tayari. Sato aliyekaa chini ya taa anapoteza mng'ao. Apakwe mafuta kidogo kwa brashi.

Kuna kitu kimoja kwenye sini za dada wa kazi ambacho lugha yetu imekiweka tayari. Kwenye tamthilia Johnna, msichana wa Kicheyenne, anampiga kwa kikaango mchumba wa binti mdogo anapomkuta akimshikashika mjukuu wa miaka 14. Kwenye filamu kikaango kikawa koleo. Huku ataokota mwiko. Neno lenyewe linamaliza kazi, na mwandishi asithubutu kumfanya mtu alitamke.

Kuhusu ziwa, taratibu. Kwa Wamarekani wale maji ni mahali mzee alipochagua kufia. Kwa mji uliozika watu wa MV Bukoba pale Igoma mwaka 1996, na uliolia tena na MV Nyerere karibu na Ukara mwaka 2018, mwili kutoka majini si kitu cha kupitishwa kwa mzaha, na mtu yeyote anaweza kuzama bila kutaka. Hapo kuna utajiri mpya: familia inaweza kusema ni dhoruba, na kanisa likazika, na ni mama peke yake anayejua kwamba mzee aliacha simu na viatu vimepangwa mlangoni. Kichekesho kianze baada ya mwili kufukiwa, kisianze kabla.

Haki zinunuliwe. Kubadili majina hakumwondoi Letts kwenye kazi yake. Asiyemudu ana hadithi za nyumbani: Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliandika *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, yenye baba mlevi na nyumba ya mabinti inayopasuka, na kuna uchungu ndani yake unaochekesha. Nayo ina wenyewe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake, na Kezilahabi alifariki mwaka 2020.

Mwisho wa filamu kila mwongozaji atataka kuurusha kwa droni juu ya daraja la Kigongo–Busisi, binti mkubwa akiendesha kuelekea Geita, ziwa pande zote mbili. Daraja limefunguliwa mwaka 2025, bado linang'aa, na kwenye trela litapendeza. Lakini hiyo ni ile barabara ya Oklahoma imepewa maji. Binti aondoke kwa sauti tu: hatua zake kwenye ngazi za mawe, jirani akimuuliza mama anaendeleaje, jibu lisisikike vizuri. Kamera ibaki ndani. Daftari liko kwenye kiti, orodha ya mahudhurio ina saini tisa na mstari mmoja mtupu. Dada wa kazi anakusanya sahani. Mama anauliza kama samaki amebaki.